Titi Lililochelewa Kutulia

Mjadala wa kidini kuhusu kubadilisha umbo la mwili kwa kisu umezoea kukomea mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Wahubiri, mafakihi na wanafalsafa huuliza kama mtu ana ruhusa ya kuingia humo, na wakishajibu ndiyo au la hufunga vitabu vyao, kana kwamba mwili ukishashonwa basi habari imekwisha. Lakini mwanamke anayetoka humo na vipandikizi vya matiti, yaani vifuko vya silikoni au vya maji ya chumvi vinavyotiwa nyuma ya titi ili kulikuza au kulirudishia umbo, huingia katika miezi ya kungoja ambayo swali lake ni zito kuliko lile la ruhusa. Upande mmoja unapopona upesi na wa pili ukakawia, titi moja likashuka mahali pake na jingine likabaki juu, gumu na lenye kung'aa kwa uvimbe, hali hiyo isomwe vipi: kama kazi ya kawaida ya mwili, kama kosa la mkono wa daktari, au kama neno la Mungu juu ya aliyethubutu?

Kabla ya kusoma chochote katika mwili inafaa kujua mwili unafanya nini. Kipandikizi kikiwekwa chini ya msuli mkubwa wa kifua, msuli huo, ambao haujapata kubeba kitu cha namna hiyo, hukaza na kukisukuma juu, na kwa majuma kadhaa titi huonekana limekaa karibu na mtulinga kuliko inavyotarajiwa. Kidogo kidogo msuli hulegea, uvimbe hunywea, ngozi hutanuka na kifuko hushuka. Madaktari huita hatua hiyo kutulia, nayo kwa kawaida huchukua miezi mitatu hadi sita, pengine zaidi. Pande mbili hazitembei kwa mwendo mmoja, kwa kuwa msuli wa upande wa mkono unaotumika zaidi mara nyingi una nguvu zaidi na hukaza kwa muda mrefu zaidi, na kwa kuwa hata kabla ya kisu hakuna kifua ambacho mbavu, chuchu na ujazo wake vililingana sawasawa. Wakati huohuo mwili hujenga utando wa kovu kukizunguka kitu hicho kigeni, jinsi unavyofanya kwa kila kisicho chake unachoshindwa kukitoa, na utando huo mara nyingi hubaki laini, ingawa kwa baadhi ya wanawake hukaza kama ngumi na kuleta maumivu.

Katika Longisa nchini Kenya, kwenye barabara itokayo Bomet kwenda Narok, upasuaji wa kukuza matiti kwa ajili ya urembo ni habari ya mbali, na kifua cha mwanamke hukutana na kisu zaidi kwa sababu ya saratani. Hata hivyo, kitu kigeni kinachotiwa mwilini kikaachwa kitafute mahali pake si kigeni katika kaunti ya Bomet. Saratani ya umio, yaani ya njia ya chakula, imewasumbua watu wa eneo hili kwa miongo mingi, na Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamisionari wa World Gospel Mission mwaka 1937, imejulikana nje ya mipaka ya Kenya kwa kuwawekea wagonjwa wasioweza kumeza bomba la wavu wa chuma linaloitwa stenti. Bomba hilo huingizwa likiwa limekunjwa, kisha hutanuka lenyewe kwa siku moja au zaidi, likisukuma uvimbe kando na kumuumiza mgonjwa kifuani linapojishikiza, hadi hatimaye aweze kumeza uji. Hakuna mchungaji wa Africa Gospel Church, kanisa lililozaliwa na umisheni huohuo, anayetarajiwa kusimama mimbarini aseme kwamba wavu wa chuma ndani ya umio ni kumsahihisha Muumba.

Kwa hiyo kinacholeta ugomvi si ugeni wa kitu bali nia iliyokiingiza. Sheria ya Kiislamu imelitamka jambo hili waziwazi kuliko mapokeo ya Kikristo: upande mmoja iko aya ya Sura ya Wanawake inayohesabu kugeuza maumbile ya Mungu miongoni mwa vishawishi vya Ibilisi, na upande wa pili iko hadithi ya sahaba Arfaja, aliyekatwa pua vitani, akatengeneza ya fedha ikanuka, naye Mtume akamwamuru avae ya dhahabu. Kutokana na misingi kama hiyo, Akademia ya Kimataifa ya Fiqhi, ilipokutana Putrajaya nchini Malaysia mwaka 2007, ilitenganisha upasuaji wa kurudisha umbo au kuondoa kasoro yenye madhara, ambao inauruhusu, na ule wa kufuata matamanio tu, ambao inaukataza. Mstari huo una manufaa, ila ukifika katika mwili halisi huyumba. Mwanamke aliyekatwa titi moja kwa saratani, akarudishiwa umbo kwa kipandikizi, yumo ndani ya ruhusa bila shaka; lakini titi lake la asili litanenepa naye, litakonda naye na kulegea kwa umri, hali kipandikizi kitabaki kama kilivyowekwa, na baada ya miaka kadhaa huenda akahitaji kisu tena, safari hii katika titi lililo zima, ili tu yote mawili yafanane. Je, kisu hicho cha pili ni tiba au ni urembo? Fatwa iliyoandikwa kwa ajili ya siku ya kwanza inapata shida kumjibu.

Palipo na kigugumizi cha sheria ndipo minong'ono huingia. Mwili unaopona kombo huwapa watazamaji nafasi ya kutoa hukumu ambayo hawakuombwa: kama alifanya kwa urembo, wanasema amelipwa; kama alifanya kwa ugonjwa, wanatafuta alichokosea kabla ya ugonjwa. Huu ndio ufundi wa Elifazi, Bildadi na Sofari, marafiki wa Ayubu, ambao walipofika kwanza waliketi naye chini kimya siku saba, wakafanya vema, kisha wakafungua vinywa wakaharibu. Kosa lao halikuwa kuamini kwamba Mungu huadhibu. Lilikuwa kudhani kwamba jipu linasomeka kama hati ya mahakama, na mwishoni mwa kitabu ni wao wanaokemewa, si mgonjwa aliyelalamika. Katika Injili ya Yohana wanafunzi wanarudia kosa hilohilo mbele ya kipofu wa kuzaliwa, wakitaka kujua aliyetenda dhambi ni yeye au ni wazazi wake, wakajibiwa kwamba si yeye wala si wao. Anayeiona adhabu katika msuli wa kulia uliochelewa kulegea analazimika pia kueleza kwa nini wa kushoto, ulioshiriki tendo lilelile saa ileile, umesamehewa.

Utetezi huu wa mwili usigeuzwe kuwa bima ya wauzaji. Neno subira, linalokuja upesi kinywani mwa daktari na mchungaji kwa pamoja, ni tamu kwa yule asiyeugua. Titi moja linalovimba ghafla katika siku za mwanzo laweza kuwa linavuja damu ndani. Wekundu, joto na homa ni dalili za maambukizi. Na katika hali hizo anayeambiwa angoje miezi sita anaachwa mikononi mwa hatari kwa lugha ya uchaji. Historia ya vifaa hivi, tangu vya kwanza vya silikoni vilipowekwa Houston, Marekani, mwaka 1962, inatosha kumfanya mtu awe mwangalifu: kampuni ya Ufaransa ya Poly Implant Prothèse ilijaza vifuko vyake silikoni ya viwandani isiyoruhusiwa kwa tiba, ikagunduliwa mwaka 2010, na mwasisi wake akahukumiwa kifungo mwaka 2013. Kwa wanawake waliowekewa vifuko hivyo tofauti kati ya titi na titi haikuwa fumbo la Mungu wala uvivu wa msuli, ilikuwa wizi. Ayubu, ikumbukwe, anasifiwa kwa subira na watu wasiosoma zaidi ya sura mbili za mwanzo.

Linabaki swali la kwa nini ulinganifu unatakiwa kwa bidii namna hii. Toma wa Akwino aliuhesabu uwiano miongoni mwa masharti matatu ya uzuri, pamoja na ukamilifu na mng'aro, na tangu hapo ni rahisi kudhani kwamba visivyolingana vimepungukiwa. Vilima vya chai vya Kericho na Bomet vinaonyesha jambo jingine. Mche wa chai ukipogolewa, kazi inayofanywa kila baada ya miaka michache, hutoa machipukizi yasiyolingana, mengine marefu hadi kiunoni na mengine yakiwa bado yanatokeza kwenye gome, na mkulima huyapunguza kwa kipimo kimoja hadi shamba lote liwe tambarare kama meza. Meza hiyo inapendeza machoni, na picha zake hupamba pakiti, lakini usawa wake haukutakiwa na mche, ambao ukiachwa huwa mti. Umewekwa kwa faida ya mkono wa mchumaji anayetafuta majani mawili na kichipukizi. Ni halali kabisa kuuliza kila usawa unaodaiwa kwa mwanamke umewekwa kwa faida ya mkono wa nani, au jicho la nani, na kuna nyakati ambapo jibu la kweli litakuwa kwamba ni lake mwenyewe.

Augustino wa Hippo, katika kitabu cha 22 cha Mji wa Mungu, alifundisha kwamba miili itakapofufuliwa haitakuwa na kasoro, ila makovu ya mashahidi huenda yakaonekana kwa kuwa ndani yake mna heshima. Fundisho hilo linaanza kuwa gumu mtu akifikiria masikio ya wazee wa Kipsigis. Zamani ndewe, yaani nyama laini ya chini ya sikio, ilitobolewa na kutanuliwa mpaka ikaning'inia kama kitanzi, na hiyo ndiyo ilikuwa sura ya mtu mzima aliyekamilika. Baadaye shule, kanisa na ajira vikaigeuza kuwa aibu, na baadhi yao wakaenda hospitali, kitanzi kikakatwa, ncha zikaunganishwa na kushonwa. Mara nyingi ndewe moja hupona nene na ya pili nyembamba, na mshono wa upande mmoja huvutika kuliko wa pili. Mzee wa namna hiyo amekuwa na masikio ya kuzaliwa, ya ujana na ya mshono, na kwa yote matatu alisikia.