Tucheze Nini na Watoto Wetu?

Tumepokea barua mbili kutoka bara, moja ya Kitale na moja ya Bungoma. Walioziandika ni ndugu zetu wazaliwa wa pwani ambao riziki imewapeleka huko, na hawakushauriana. Lakini yale waliyoyauliza yanakaribiana mno, basi tumeona vema kuwajibu mahali pamoja.

Ndugu wa Bungoma atueleza kwamba binti yake wa miaka mitano aliletewa zawadi ya ludo na nyanya yake aliyeko Mombasa. Ikawa kila alasiri baba na mwana hucheza, na mtoto hakubali rangi yoyote ila nyekundu. Siku moja akaja mjomba wa mtoto, akaziona dadu, akazitwaa akazitupa chooni mtoto akitazama, akasema kuwa kitu hicho ni haramu. Mtoto akalia mpaka akapitiwa na usingizi. Tangu hapo mke yuko upande wa kaka yake, mume yuko upande wa mama yake, na ubao wa ludo umewekwa juu ya kabati wala hapana athubutuye kuutaja.

Ndugu wa Kitale hana ugomvi na mtu ila na nafsi yake. Kitale ni mji wa juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya jioni huwaingiza watu ndani mapema. Baada ya Isha yeye hucheza bao na mwanawe wa miaka sita, na kwa huruma amezoea kumwachia ashinde pasi na mtoto kujua. Usiku mmoja mtoto alikwisha kufunikwa blanketi, akamwuliza: "Baba, nilishinda kweli?" Akamjibu: "Kweli." Asema kwamba neno hilo halijamtoka kooni hata leo.

Kwanza tuwaondoe njiani wale wasemao kwamba mtu mzima kucheza na mtoto ni upuuzi na kupoteza wakati. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akimtania Abu Umayr, mtoto mdogo, kwa ajili ya kindege chake kilichokufa. Na khabari hiyo imo katika Sahihi zote mbili, ya Bukhari na ya Muslim. Asiyekuwa na nafasi ya kukaa chini na mwanawe asitafute hoja ya dini ya kumfichia uvivu wake.

Ama dadu, mjomba hakuzua jambo kutoka kichwani mwake. Zimepokewa hadithi za kukataza mchezo wa nard, ambao ni mchezo wa Kiajemi unaoendeshwa kwa dadu, na wengi katika wanavyuoni wameuharimisha hata usipowekewa fedha. Wako walioona kuwa ni makuruhu tu, na miongoni mwao ni Abu Ishaq al-Marwazi katika wafuasi wa Imamu Shafi. Ludo yenyewe ni mtoto wa pachisi, mchezo wa Wahindi. Waingereza waliusajili kwao kwa jina hilo mwaka 1896, wakauenezea ulimwengu. Haikuwako zama za hadithi, lakini dadu yake ni ile ile, na mwenye kuihofia dini yake hatumlaumu kwa kujitenga nayo.

Lakini yatupasa tuulize sababu. Ibn Hajar al-Haytami, aliyefariki mwaka 974 wa Hijra na ambaye vitabu vyake ni tegemeo letu sisi Mashafi wa pwani, ameweka kipimo kilicho wazi: mchezo unaotegemea hisabu na fikra hauharimishwi, na unaotegemea kubahatisha ndio ulioharimishwa. Na katika mifano ya ule wa hisabu ametaja manqala, yaani mashimo ambayo vijiwe huhamishwa kutoka moja hadi jingine kwa hesabu. Msomaji wa Mombasa au Lamu hana haja ya kufasiriwa zaidi. Hilo ndilo bao letu kwa ukoo wake, na dama nayo yaingia mlango huo huo. Sataranji Imamu Shafi mwenyewe hakuiharimisha, ila aliichukia.

Na hofu ya kubahatisha si hofu ya vitabuni tu. Mwenye kupita leo katika miji yetu, ya pwani na ya bara, huwaona vijana wameinamia simu wakingoja namba iwape utajiri wasioutolea jasho. Hatusemi kuwa ludo ndiyo iliyowafikisha hapo, maana huko ni kukuza jambo. Twasema kwamba mtoto aliyezoea kuketi na kufikiri kabla ya kuunyosha mkono wake amepewa kitu, na aliyezoea kurusha na kungoja hakupewa.

Basi kama twaulizwa tuchague nini, twachagua bao. Si lile bao kubwa la nyumba na kunamua, ambalo hata wazee huligombania, bali lile liitwalo bao la kujifunza, ambalo kila shimo hutiwa kete mbili na mchezo huanza papo hapo. Mtoto anayeyajaza mashimo 32 kwa kete mbili mbili amekwisha kuhesabu 64 kabla hajacheza. Akikosa komwe huko Kitale, maharagwe yatosha. Tena sisi watu wa pwani tusijione kuwa bao ni milki yetu peke yetu. Waganda wana mweso wenye safu nne kama wetu, Wajaluo wana ajua yenye safu mbili, na pale Hyrax Hill karibu na Nakuru, katika njia ya kwenda huko huko Kitale, kuna mashimo ya bao yaliyochongwa mwambani. Mtoto huyo atapata wa kucheza naye kwa jirani bila ya kuulizwa kabila lake. Wala tusifiche kuwa bao la barazani kwetu lina aibu zake: Alasiri hupita watu wakitazamana na kete, na maneno yatolewayo kwa mshinde hayafai kusikiwa na mtoto. Wanavyuoni walioruhusu michezo hii wameshurutisha pasiwe na dau, wala kuchelewesha Sala, wala maneno machafu. Na sharti hizo ni za baba kabla ya mwana.

Hapa ndipo twafika kwa ndugu wa Kitale, na hapa ndipo penye uzito. Yeye amechagua mchezo ulio mwema, na juu ya hivyo hakupata usingizi. Imepokewa katika Abu Dawud kwamba mama mmoja alimwita mwanawe aje ampe kitu, na Mtume akamwuliza amekusudia kumpa nini. Akasema ni tende. Akaambiwa kwamba lau asingempa, angeandikiwa uwongo. Tende moja, na mtoto mdogo! Sisi tumezoea kuuona uwongo kuwa ni deni baina ya watu wazima, na mtoto twamwambia lolote ili anyamaze, ale au alale.

Atasema mtu: hii si huruma? Mtu mzima atembeapo na mtoto hupunguza mwendo, wala hapana amwitaye mwongo. Hoja hiyo ina nguvu, na tumeizungumza sana katika darasa letu, wengine wakawa upande huu na wengine ule. Tulilolipata ni hili: yule atembeaye polepole, mtoto amwona kuwa anakwenda polepole kwa ajili yake. Hakufichwa kitu. Lakini baba aliyejifanya hakuliona shimo, kisha akashangilia, amempa mtoto sifa isiyokuwa yake. Na siku mtoto atakapogundua, atazipima upya sifa zote alizopata kupewa, hata zile za haki. Naye swali lake lilikuwa dogo. Hakuuliza ameshinda mara ngapi. Aliuliza kama neno la baba yake lategemewa.

Wala hatumwamuru amshinde mwanawe kila usiku, maana huo ni ukatili, na mtoto ataukimbia ubao. Huruma na iwe wazi. Atoe kete nane za upande wake, moja katika kila shimo la safu ya nyuma, mbele ya macho ya mtoto, amwambie: "Hizi naziacha kwa kuwa wewe ungali mdogo." Kisha acheze kwa nguvu zake zote. Mtoto akizoea, azirudishe moja moja, na siku ya kurudishwa ya nane itakuwa sikukuu kwao. Ama neno la usiku ule, amwambie kweli. Amwambie mchana, ubao ukiwa baina yao, kwamba alimwachia kwa mapenzi na kwamba amekosa kumjibu vile. Twajua kuwa ni vigumu. Wengi wetu hatukupata kusikia baba zetu wakisema kwamba wamekosa, na labda ndiyo sababu ulimi wa ndugu yetu ni mzito.

Kwa ndugu wa Bungoma, twaona kuwa mjomba ana hoja katika dadu wala hana hoja katika machozi. Mali ya mtoto ni mali, na kukataza kuna adabu zake. Angaliweza kukaa na shemeji yake faraghani. Ubao wa ludo hauna dhambi. Na ushushwe kabatini, zikatwe karatasi sita kwa kila mchezaji, ziandikwe 1 mpaka 6. Kila mmoja achague mwenyewe karatasi ya kuitumia katika zamu yake, na iliyotumika isirudi mpaka sita zote ziishe, ndipo aanze tena. Hapo bahati imeondoka, imebaki hisabu, na mtoto wa miaka mitano aweza kuifuata. Karatasi hizo azikate mjomba kwa mkono wake, naye ndiye awe wa kwanza kucheza na mtoto. Akae upande wa kijani au wa manjano, apendavyo. Nyekundu ina mwenyewe.