Kabla ya Ukurasa wa Mwisho

Mjini Muyinga, kaskazini mashariki mwa Burundi, kuna maktaba iliyokamilika mwaka 2012. Kuta zake ni za matofali ya udongo ulioshindiliwa, na wasanifu wake, kampuni ya BC Architects ya Brussels, waliibuni iwe sehemu ya kwanza ya shule ya watoto viziwi. Ndani, juu ya vichwa vya watu, umetandazwa wavu mpana wa kamba za katani. Watoto hupanda na kujilaza humo na vitabu vyao. Nje, urefu mzima wa jengo, kuna baraza yenye nguzo, mfano wa zile za nyumba za Kirundi ambako watu hujikinga na mvua na kuzungumza. Ramani yenyewe imekiri kwamba kusoma kuna upande wa kimya na upande wa gumzo. Mtu akitoka ndani na kitabu ambacho hajakimaliza, akaulizwa barazani, “Kikoje?”, ana haki ya kujibu nini?

Burundi ina jibu kali la tangu zamani. Kwenye milima yake, ugomvi wa mipaka ya mashamba, ng’ombe au ndoa ulipelekwa kwa bashingantahe, wazee walioaminiwa kwa uadilifu wao. Walimsikiliza mlalamikaji, wakamsikiliza mlalamikiwa, wakawasikiliza mashahidi, kisha wakajitenga kushauriana ndipo wakatoa uamuzi. Mzee aliyeropoka hukumu upande mmoja ukiwa bado unajieleza alijivunjia heshima. Kwa kipimo hicho, kitabu kilichosomwa nusu ni mlalamikiwa ambaye bado anasema, na adabu ni kunyamaza.

Lakini msomaji hawezi kusubiri hivyo hata akitaka. Mwanafalsafa Hans-Georg Gadamer, katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1960, alieleza kwamba mara maana ya kwanza inapojitokeza, msomaji tayari hukisia maana ya kitabu kizima, kisha huisahihisha kadiri anavyoendelea. Asiyekisia haelewi. Kila sentensi inayomshtua imemshtua kwa sababu alitarajia nyingine. Kwa hiyo maoni ya katikati hayaji baada ya kusoma, wala hayako nje ya kusoma. Ndiyo kusoma kwenyewe, kumetiwa sauti.

Ukitaka kuona sauti hiyo ikifika mbali, tazama London ya miaka ya 1840 na 1841. Charles Dickens alikuwa akitoa riwaya yake The Old Curiosity Shop kipande kwa kipande, na wasomaji wakamwandikia barua kumsihi amwokoe Nell, msichana waliyeona dalili za kifo chake. Nell alikufa. Waliosoma riwaya hiyo ikiwa imekamilika wanaweza kumlilia, ila hawana tena la kumwombea. Maoni ya katikati yana tumaini na hofu ndani yake. Ya mwisho yamebaki na tathmini tu. Anayemaliza kitabu mara nyingi husahau alivyomshuku asiye na hatia kwenye sura ya tatu. Huzungumza kana kwamba alijua tangu mwanzo.

Hatari, hata hivyo, ipo, na aliyeichora vizuri ni Mrundi. Mwaka 2012 Roland Rugero, mwandishi wa habari, alichapisha kwa Kifaransa riwaya iitwayo Baho! Mhusika wake, Nyamuragi, ni kijana bubu. Amebanwa na haja, anamwuliza msichana kwa ishara mahali pa kujisaidia. Msichana anaisoma ishara ile kuwa ni jaribio la kubaka, anapiga yowe, kijana anakimbia, umati unamkamata na kutaka kumwua. Mwisho hausimuliwi hapa, kwa kuwa huenda msomaji wa makala hii naye yuko katikati yake.

Kosa la umati huo ni lipi? Si kukisia. Eneo lile lilikuwa limekwisha kukumbwa na ubakaji, na hofu ya msichana ilikuwa na sababu. Kosa ni kuifanya dhana kuwa hukumu, na kuacha kusoma. Ishara moja imetosha. Lolote atakalofanya kijana baada ya hapo, hata kukimbia kwake, linahesabiwa kuwa ushahidi dhidi yake. Bashingantahe nao hawakukaa barazani kama mawe: waliuliza maswali kesi ikiendelea, na swali hufichua mzee anashuku nini. Tofauti ni kwamba swali humwachia mwenzake nafasi ya kujibu.

Wala kumaliza kitabu hakufungi kesi. Padri Michel Kayoya alichapisha Sur les traces de mon père mwaka 1968, kitabu cha Mrundi anayejiuliza Mwafrika msomi abaki na nini cha baba yake. Aliyefika ukurasa wa mwisho mwaka huo alikuwa na kila haki ya kutoa maoni kamili. Mwaka 1972, katika mauaji yaliyoikumba nchi, Kayoya aliuawa Gitega. Maneno hayakubadilika hata moja, lakini hakuna anayeweza tena kuyasoma kana kwamba hajui yaliyompata aliyeyaandika.

Mwaka 2007 Pierre Bayard, profesa wa fasihi wa Ufaransa, aliandika kitabu kizima kuwatetea wanaozungumzia vitabu wasivyovisoma. Kwake, kati ya kusoma na kutosoma kuna ngazi nyingi. Ni kweli, lakini utetezi wake unamfaa msomaji kuliko msikilizaji. Msikilizaji akiambiwa tu kwamba riwaya fulani haina maana, hana cha kupima. Akiambiwa, “Nimefika sura ya nne, namshuku mjomba, na nikikuta ana sababu nitabadili mawazo,” anajua msemaji amesimama wapi, anajua nini kitamwondoa hapo, na anaweza kukifungua kitabu hicho yeye mwenyewe ili ambishie.