Dampo Linalohama

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu. Walikuwa wamechoka. Taka za jiji zima zilimwagwa jirani nao, zikawa zinaungua usiku na mchana, moshi ukawafuata hadi vyumbani na nzi wakatangulia kwenye sahani. Walishinda kesi. Jiji likaomba muda, likapewa, likaomba tena, mpaka mwaka 1991 Jaji Lugakingira alipokataa kuongeza, akiegemea haki ya kuishi iliyomo katika Katiba.

Kwa watu wa Tabata huo ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini magari ya taka yaligeuza tu njia yakaenda Kunduchi Mtongani, ambako mkazi mmoja na wenzake 794 nao walikwenda mahakamani, nao wakashinda. Ikafuata zamu ya Vingunguti, pembeni ya bonde la Msimbazi, kisha Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Kila mara jiji lilijiuliza swali lilelile: tumwage wapi? Kwa nini kuna vingi hivyo vya kumwaga, hilo liliachwa.

Ukitaka jibu lake, simama nyuma ya soko lolote kubwa kabla gari la taka halijafika. Utakuta maganda ya ndizi, nyanya zilizopondeka, mabunzi ya mahindi, matembele yaliyonyauka. Chupa na makopo waokotaji wameshavichukua, kwa sababu vina mnunuzi. Kinachobaki sehemu kubwa ni maji, na jiji linanunua dizeli ili kuyasafirisha hadi Pugu. Huko, yakifukiwa bila hewa, mabaki hayo hutoa gesi ya methani inayolisha moto wa dampo, na maji meusi huchuruzika kwenda bondeni. Mafuta machafu, rangi au betri kutoka viwandani zikichanganywa humo, maji hayo huwa sumu.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezikabidhi serikali za mitaa kazi ya taka ngumu, na inataka zitenganishwe pale zinapozalishwa. Lakini mama atakayetenganisha ndoo mbili jikoni atajisikiaje akiona zote zinamwagwa kwenye gari moja? Hata hivyo, nchi ikiamua kushika jambo kwenye chanzo, inaweza. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku, na muuza duka aliyekuwa akifunga kila kitu kwenye rambo akajifunza kazi upya.

Tabata walinusurika kwa hukumu. Addis Ababa, Ethiopia, mambo yalikwenda vingine. Dampo la Koshe lilikuwa limepokea taka za jiji hilo kwa zaidi ya miaka 50. Mwaka 2016 serikali ikafungua dampo jipya Sendafa, la kisasa, lililojengwa kwa msaada wa Wafaransa. Wakulima wa Sendafa wakaandamana, na baada ya miezi michache likafungwa. Magari yakarudi Koshe, juu ya mlima uliokwisha kushiba, huku watu wakiwa wamejenga vibanda chini yake. Usiku wa Machi 11, 2017, mlima huo uliporomoka ukaua zaidi ya watu 100, wengi wao wanawake na watoto. Sitawalaumu wakulima hata kidogo. Nani angekubali kuletewa taka za jiji zima? Kosa ni la waliodhani kuhamisha taka ndiko kuzishughulikia.

Kwa hiyo msomaji, siku halmashauri yako itakapotangaza kwamba imepata eneo jipya la dampo, usipige makofi kwanza. Mwulize diwani wako maganda ya sokoni yatabaki wapi, taka za kiwandani nani anazikagua, na jirani wa hilo eneo jipya aliulizwa lini.