Kilima cha kambo

Katika wilaya ya Kenya, mjini Lubumbashi, babu huitwa kambo. Kambo ninayemsimulia alizaliwa huko mji ungali Élisabethville, kabla jina halijabadilishwa mwaka 1966. Jioni, bukari na sombe vikishaliwa, humshika mjukuu mkono watembee hadi wanapouona vizuri mnara wa moshi wa kampuni ya madini ya Gécamines na kilima cheusi kando yake.

“Zamani kilikuwa kirefu kuliko hivi,” husema kila mara.

Mtoto huguna tu. Kwa wazee kila kitu cha zamani kilikuwa kikubwa: samaki, mvua, hata viboko vya mwalimu. Ila safari hii mzee hatii chumvi. Kilima kile ni taka za tanuri la shaba lililowashwa na Union Minière, kampuni iliyoitangulia Gécamines, mwaka 1911. Kilirundikwa miaka na miaka, baba wa kambo akiwa mmoja wa waliokipandisha. Baadaye ikaonekana kwamba ndani ya taka mmebaki kobalti, na kwa zaidi ya miaka ishirini sasa kimekuwa kikichotwa na kuyeyushwa upya. Kinapungua kweli.

Juzi mjukuu aliinua simu akipige picha. Kobalti ndiyo hiyo hiyo inayotiwa kwenye betri za simu, lakini hilo halikusemwa.

“Elekeza juu kidogo,” kambo alimwambia. “Kilikuwa kinafika pale.”

“Pale kuna mawingu tu, kambo.”

“Piga hivyo hivyo.”