Mahabusu ni Amana

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Hakimu wa mahakimu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo: wengi hudhani kwamba kila aliyefungiwa mlango wa chuma ni mwenye hatia, na hiyo ni dhana mbaya. Nabii Yusuf, amani imshukie, alitiwa gerezani na hali dalili za usafi wake zimekwisha kudhihiri. Mfalme alipomwita atoke, hakutoka mbio. Alimrudisha mjumbe, akataka kwanza wanawake wale waulizwe. Alijua kuwa kufunguliwa si kusafishwa.

Katika mji wa New York, Marekani, lilifunguliwa mwaka 1975 gereza la serikali kuu, ghorofa 12, jirani na mahakama, la kuwaweka wanaongoja hukumu. Haukupita muda, chumba cha mtu mmoja kikatiwa wawili, mahabusu wakashtaki. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu ya nchi ile ilisema kuwalaza wawili si kosa, lakini ambaye hatia yake haijathibiti haadhibiwi. Neno jema; ila kulisema ni kwepesi kuliko kulitimiza katika ghorofa ya kumi, ambako mtu alikaa peke yake saa 23 katika 24 naye hajahukumiwa.

Watu wa pwani wana sababu ya kulijua jumba lile. Humo waliwekwa walioshtakiwa kwa mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam ya tarehe 7 Agosti 1998, yaliyoua watu 224, Waislamu na wasio Waislamu, na mmoja wa washtakiwa ni mzaliwa wa Zanzibar. Aliyefiwa hakuwaonea huruma, na nani wa kumlaumu? Lakini haki yake ilikuwa hukumu, akaipata mwaka 2001, mashahidi walipokwisha kusikizwa na wanne wakathibitishiwa hatia. Kabla ya hapo, mwaka 2000, mahabusu mmoja alichonga kitana akamchoma nacho mlinzi jichoni. Hiyo nayo ni khiyana, maana kifungo hakimhalalishii mtu jicho la mwenziwe.

Kisha mwaka 2019 akaletwa humo tajiri mashuhuri, Jeffrey Epstein, aliyeshtakiwa kuwachafua wasichana wadogo. Alfajiri ya tarehe 10 Agosti alikutwa amekufa, na mganga wa serikali akahukumu kuwa amejiua. Walinzi wawili wa usiku ule hawakuzunguka kuwatazama mahabusu kama walivyopasiwa, na daftarini wakaandika kwamba wamezunguka. Kalamu ile haikumdhulumu maiti peke yake. Siku 17 baadaye wanawake waliomshtaki waliitwa mbele ya hakimu, wakasema yaliyowapata, na mahali pa mshtakiwa hapana mtu. Kesi ikafutwa.

Mwaka 2021 walinzi wale walikiri uwongo wao, wakapewa saa 100 za kuutumikia umma. Mwaka huo huo gereza likafungwa, na mahabusu wakahamishiwa kwingine.