Umbali ni Mzigo wa Nani?

Jioni moja katika mafundisho niliona baba mmoja akisinzia juu ya benchi. Nilimkaripia mbele ya wenzake. Kumbe alikuwa ametembea saa mbili kutoka kazini. Nilimwomba radhi, na tangu siku ile ninajiuliza: je, umbali wa mji ni jambo la haki?

Kila mwenye jamaa anatamani kiwanja chake, nyumba, mwembe, na pahali pa watoto pa kucheza. Tamaa hiyo si mbaya. Lakini viwanja vikizidi kuenea porini, nani anabeba mzigo?

Tutazame Lubumbashi, mji ulioanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville. Katika miaka ya 1920 serikali ya Wabelgiji ilitenga ukanda mtupu, upana wake meta 700 hivi, kati ya mtaa wa Wazungu na mtaa wa Waafrika. Walisema ni kwa ajili ya afya. Lakini aliyeuvuka kila siku kwa miguu ni mfanyakazi, si bwana wake. Umbali ule uliamriwa. Wa siku hizi tunauzaa wenyewe, kiwanja kwa kiwanja. Je, miguu ya maskini inaona tofauti?

Mama muuza mboga anayekaa pembeni ya mji huamka gizani, na faida yake huishia katika nauli. Mwenye gari hata hajui.

Huko Curitiba, mji wa Brazil, tangu mwaka 1974 mabasi yalipewa njia zao peke yao, na kando ya njia hizo watu wakaruhusiwa kujenga nyumba za orofa nyingi. Hivyo wengi wakakaa karibu na basi.

Wengine watasema: «Kusongamana kunaleta magonjwa na makelele.» Ni kweli, kama maji safi na mifereji vinakosekana, kuwaweka watu karibu bila vitu hivyo ni dhuluma nyingine. Basi tudai vyote pamoja.

Mwenye kiwanja kipana katikati ya mji asiogope kujenga orofa. Mwenye duka asizibe njia ya waendao kwa miguu. Na wakubwa wanaogawa mashamba kuwa viwanja tuwaulize kwanza: basi litapita wapi? Shule itakuwa wapi? Kiwanja kinaweza kununuliwa tena. Saa ambazo baba amezipoteza njiani, watoto wake hawatarudishiwa kamwe.