Ajiamini Vipi Asiyeaminiwa?



Mwezi uliopita, baada ya ibada, tulikaa na mabinti wetu wenye umri wa miaka 13 hadi 17. Tuliwagawia karatasi, tukawaomba kila mmoja aandike, bila kutaja jina, neno moja aliloambiwa au kuliona mahali likamfanya ajione si kitu. Sisi wazazi tulikuwa tumejiandaa kuzungumzia simu na picha za wasichana waliorekebishwa sura. Tulipozifungua karatasi, tukanyamaza. Za simu zilikuwepo. Lakini nyingine zilikuwa na maneno tunayoyafahamu, maana ni yetu sisi: "Umenenepa hivyo, nani atakuoa?" "Mdogo wako mweupe, wewe umemfuata nani?" "Mtoto wa kike haulizi maswali mengi." Moja ilisemwa hapa hapa kanisani, mlangoni, wakati wa kusalimiana.

Kwa hiyo tunaomba tujiulize pamoja: ni nani mwenye haki ya kumwambia msichana yeye ni nani? Na sisi tunaolalamikia vyombo vya habari, tunatofautiana navyo wapi?

Hatusemi kwamba vyombo hivyo havina kosa. Mwaka 2018 jiji la Stockholm liliamua kuzuia matangazo yanayodhalilisha watu kwa jinsia au rangi katika mabango yaliyo kwenye maeneo ya jiji. Sheria ya Sweden pia hairuhusu matangazo ya televisheni yanayowalenga watoto wa chini ya miaka 12. Ni mambo mema. Lakini binti wa miaka 14 anayepanda treni hapa Hjulsta kwenda mjini haangalii bango. Anaangalia simu, na usiku simu inalala naye. Mwaka 2021 nyaraka za ndani za Facebook, wamiliki wa Instagram, zilivuja. Watafiti wa kampuni yenyewe walikuwa wameandika kwamba, katika wasichana waliokuwa wakiona vibaya kuhusu miili yao, karibu mmoja kati ya watatu alisema Instagram inamzidishia.

Kuna picha nyingine pia. Tensta, ambayo Hjulsta yetu ni sehemu yake, imo pamoja na Rinkeby katika orodha ya polisi ya maeneo yenye matatizo makubwa. Kwa hiyo mtaa wetu ukitajwa kwenye habari, binti yetu mara nyingi hupewa nafasi mbili tu: ni dada wa kijana mhalifu, au ni msichana aliyekandamizwa anayengoja kuokolewa na mikono ya wazazi wake. Yule anayesomea mtihani wa kemia huku akimsuka mwenzake nywele haonekani.

Lakini kuna kioo ambacho tulikuja nacho wenyewe ndani ya masanduku yetu. Mkorogo haukuanzia Sweden. Mwigizaji Lupita Nyong'o, aliyekulia Kenya, alieleza katika hotuba yake ya mwaka 2014 kwamba alipokuwa mtoto alikuwa akimwomba Mungu aamke akiwa mweupe zaidi. Tulitafakari hilo kwa uchungu. Mtoto anapiga magoti, anasali kwa imani, na anachoomba ni kwamba kazi ya Muumba wake ifutwe. Ni nani aliyemfundisha sala hiyo? Alisema televisheni ilimwonyesha ngozi nyeupe tu, na kwamba alichekwa kwa sababu ya ngozi yake. Alisema pia kwamba mama yake alimkumbusha kuwa uzuri hauliwi. Hapo mwanzo hakuuelewa usemi huo. Baadaye aliona kwamba uzuri hauwezi kumtegemeza mtu, na kwamba kinachotegemeza ni huruma, kwake mwenyewe na kwa wengine.

Wengi wetu tunadhani dawa ni kumsifu binti zaidi: "Wewe ni mzuri, mwanangu." Msifuni, si vibaya. Lakini sifa hiyo bado inamweka kwenye mizani ile ile ya sura. Tumebadilisha kipimo tu. Kiswahili chenyewe kinatufundisha njia nyingine. Kujiamini, kuaminiwa, imani, amana: maneno haya ni ndugu. Mtu hujifunza kujiamini kwa kuaminiwa kwanza na wengine. Ajiamini vipi asiyeaminiwa?

Tutazame nyumbani kwetu. Barua ya Försäkringskassan ikifika, tunamwita nani? Binti. Simu ya shule ikilia, nani anatutafsiria? Binti. Tunamwamini na mambo mazito ya familia, wakati mwingine mazito kupita umri wake. (Wazazi, ofisi za serikali zina wajibu wa kutupatia mkalimani pale anapohitajika. Tumwombe. Ugonjwa wa mama usipitie kinywani mwa mtoto.) Lakini jioni hiyo hiyo, familia ikijadili kuhama au fedha za kutuma nyumbani, akitoa wazo tunamwambia, "Wewe ni mtoto, nyamaza." Kinywa chake tunakikopa kinapotufaa, kisha tunakifunga.

Katika Hesabu sura ya 27 tunasoma habari za mabinti watano wa Selofehadi: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Baba yao alikufa bila mtoto wa kiume, na urithi wake ulikuwa upotee. Walisimama mbele ya Musa, kuhani, wakuu na kusanyiko lote, wakadai haki yao. Maandiko hayasemi walikuwa warembo au la. Yanataja majina yao na yanataja hoja yao. Musa hakuwafukuza, alipeleka neno lao mbele za Bwana, na Bwana akasema wanasema kweli, sheria ikawekwa kwa ajili yao na wengine baada yao. Wasichana wale walisikilizwa, na kusikilizwa kwao kukabadilisha jambo. Hiyo ndiyo heshima ambayo hakuna bango wala simu inayoweza kumpa binti.

Mzee mmoja wetu aliuliza, na swali lake ni la haki: je, hatutalea kiburi? Tunamheshimu, na tunajibu hivi. Mwenye kiburi hasikilizi mtu. Anayejiamini husikiliza, kisha anaweza kusema ndiyo au hapana. Binti yetu atahitaji hiyo hapana siku mvulana atakapomwomba picha isiyofaa. Ataihitaji zaidi kama mtu mzima, hata wa kwetu, atataka kumdhuru. Tukimfundisha miaka yote kwamba kimya ndiyo adabu, siku hiyo atatuambiaje? Adabu ni njema, na tunaitaka. Lakini kimya cha hofu si adabu.

Kuanzia Jumapili hii tumekubaliana mambo matatu. Tunapowasalimia mabinti, tusianze na unene, rangi wala nywele. Tuulize wanasoma nini, wanafikiri nini. Kila familia, mara moja kwa wiki, iwe na mazungumzo mezani ambamo binti anamaliza sentensi yake bila kukatizwa, na simu za wazazi pia ziwekwe kando. Na hapa kanisani, mabinti wawili watakaa katika kamati ya maandalizi ya sikukuu, wakiwa na sauti kamili kama wajumbe wengine, si kwa kupanga viti tu.

Na zile karatasi hatukuzitupa. Tulizisoma kwa sauti mbele ya mabinti, tukawaomba msamaha. Mmoja alilia. Mwingine akauliza kama na wavulana watapewa karatasi. Tumemjibu kwamba watapewa, na tumemwomba yeye aandike maswali.

Mungu azibariki nyumba zetu. Amina.